Majaribio yanakufa faili la logi linabaki tupu, mistari mingine inatoka mara mbili: je nizime bafa yote?

"Shikamoo kaka. Niko Dodoma, nimemaliza chuo mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tunatengeneza kifaa cha kudhibiti umwagiliaji wa matone kwenye shamba la zabibu la mzee mmoja kule Hombolo. Bodi inaendesha Linux ndogo, na mimi ndo nimepewa kuandika programu za majaribio kwa C, zinatesti draiva ya vali, sensa za unyevu wa udongo na saa ya ulinzi, ile inayoristati bodi ikiganda. Nikiendesha kwenye terminali kila kitu kinatoka vizuri mstari kwa mstari. Nikielekeza kwenye faili ili niache usiku kucha, mstari wa 'naanza jaribio la vali' unatokea mara mbili, siku nyingine mara tano, na kwenye kodi nimeuandika mara moja tu. Halafu jaribio la sensa likifa na Segmentation fault faili linakuwa tupu kabisa, hata mistari ya mwanzo haipo, kwa hiyo nimekaa siku tatu natafuta kosa juu kabisa ya main na silioni. Rafiki yangu kaniambia nizime bafa ya stdout yote niachane na haya mambo. Nimezima, mistari ikatulia, lakini sasa jaribio la muda, ambalo vali inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde 5, linafeli nikiwa nimeunganisha waya wa seriali. Nikitoa printf linapita. Sasa draiva yangu ndo mbovu au printf ndo mbovu? Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana, kifaa kinachoenda kufanya kazi kwenye shamba la mtu anayetegemea zabibu zile kinastahili majaribio ya kweli na nimefurahi kuona mnayaandika kabla hamjapeleka kitu Hombolo, wengi wanapeleka kwanza afu wanatesti kwa machozi ya mkulima.

Nikujibu lile linalokuuma kwanza. Kwa maelezo haya sioni ushahidi wowote kwamba draiva ni mbovu. Na printf sio mbovu pia, inafanya kile ambacho viwango vya C vinairuhusu kufanya tangu mwaka 1989. Matatizo yako matatu, mstari kujirudia, faili tupu, na muda kufeli, yanaonekana kama vitu vitatu tofauti lakini yote yanatoka sehemu moja, kwamba ukishaita printf maneno yako hayaendi moja kwa moja kwenye faili au kwenye waya, yanapita mikono kadhaa njiani, na kila mkono una tabia yake ya lini unaachia. Ukiijua hiyo mikono, hutahitaji kuzima kila kitu.

Wewe upo Dodoma, habari ya kusomba maji unaijua. Chukulia unatoka kisimani unajaza pipa nyumbani. Hakuna anayechota kikombe kimoja, akatembea nacho mpaka nyumbani, akamimina, akarudi kuchota kingine, unajaza ndoo kwanza ndo unatembea. Sasa kila printf ni kikombe. Ndoo ndo bafa ya stdout, ile njia ya kawaida ambayo programu inatolea maneno, na hii ndoo iko ndani ya programu yako mwenyewe, kwenye kumbukumbu yako, imewekwa na laibrari ya C. Pipa ni kerneli, yaani kiini cha Linux, na ile safari ya kutoka na ndoo mpaka pipani ndo write. Safari inagharimu, ndo maana laibrari inakusanya. Kitu muhimu cha kushika hapa ni kwamba maji yaliyoko kwenye ndoo ni yako, ukianguka njiani yanamwagika, yaliyokwisha kuingia pipani yanabaki hata wewe ukifa.

Sasa laibrari inaamuaje imwage lini? Inaangalia upande wa pili kuna nini. Kama stdout imeunganishwa na terminali, inamwaga kila ikikuta mwisho wa mstari, manake inajua kuna binadamu anasoma. Kama ni faili au paipu (bomba la kupeleka maneno kwenye programu nyingine), inasema hapa hakuna mtu anayesubiri, inajaza ndoo mpaka ijae, na kwenye Linux ya kawaida yenye glibc (ndo laibrari yenyewe ya C) ndoo ya faili huwa ni baiti 4096. Stderr, ile njia ya kutolea makosa, yenyewe haina ndoo, inapeleka papo hapo. Kwa hiyo ile imani ambayo wengi tunayo, kwamba ukiweka \n mwishoni basi mstari umetoka, ni kweli kwenye terminali tu. Kodi ileile, bila kubadilisha herufi, ukiweka > logi.txt tabia inabadilika. Na ukiweka | tee logi.txt inabadilika pia, maana hapo programu yako inaona paipu haioni skrini, hata kama wewe unaona skrini.

Twende kwenye mstari unaojirudia. Andika hii sasa hivi, usisome tu:

#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <unistd.h>
#include <sys/wait.h>

int main(void) {
    printf("naanza jaribio la vali\n");
    pid_t p = fork();
    if (p == 0) exit(0);
    waitpid(p, NULL, 0);
    return 0;
}

Ikompaili, iendeshe kwenye terminali, utaona mstari mmoja. Iendeshe kwa > logi.txt afu cat logi.txt, utaona miwili. Printf haijaitwa mara mbili, ukiweka kaunta utaona imeitwa mara moja. Fork ni amri inayozaa prosesi nyingine, mtoto, kutoka kwa programu yako, mzazi. Kilichotokea ni kwamba wakati wa fork mstari ulikuwa bado uko kwenye ndoo, na fork inanakili kumbukumbu yote ya mzazi, kwa hiyo mtoto amezaliwa ameshika ndoo yenye maji yaleyale. Mtoto akiita exit anamwaga ndoo yake, mzazi naye akimaliza anamwaga yake. Ukizaa watoto wanne kabla ndoo haijamwagwa, unapata mistari mitano, wanne wa watoto na mmoja wa mzazi, na nina uhakika mkubwa ile siku ya mara tano ulikuwa na vali nne. Kagua.

Kama unataka kuona kwa macho, tumia strace, programu inayoonyesha maombi yanayopelekwa kwa kerneli, iendeshe kwa strace -f -e trace=write ./vali > logi.txt. Utaona write(1, "naanza jaribio la vali\n", 23) inatokea mara mbili, kila moja kwenye namba tofauti ya prosesi, na zote mbili zinakuja baada ya fork. Iendeshe tena bila kuelekeza kwenye faili, utaiona write moja tu, kabla ya fork. Mimi kila kijana anayekuja kwangu na swali la logi za ajabu huwa namwambia aanze na strace kabla ya kugusa kodi, maana inakuonyesha safari zilizofanyika kweli, sio zile unazodhani zilifanyika.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kila fork weka fflush(NULL), ile NULL inamaanisha mwaga ndoo zote za kutolea zilizofunguliwa, sio stdout peke yake. Halafu juu kabisa ya main, kabla hujaprinti chochote, weka setvbuf(stdout, NULL, _IOLBF, 0), hapo unailazimisha stdout imwage kila mstari hata kama upande wa pili ni faili. Lazima iwe kabla ya printf ya kwanza, ukiiweka baadaye usitegemee chochote. Na hili sio jambo la kwangu, hata majaribio ya kerneli ya Linux yenyewe, yale yaliyoko kwenye folda ya tools/testing/selftests, yanafanya hivohivo, fungua faili la kselftest.h utakuta kichwa cha matokeo kinalazimisha mstari kwa mstari na sababu iliyoandikwa pale ni hii ya fork unayoteseka nayo wewe. Kwa nini nakwambia uweke vyote viwili? Kwa sababu kuna wakati unaprinti nusu mstari, "vali 3 ... ", ukitegemea kumalizia "sawa" baadaye, na hiyo nusu haina \n kwa hiyo bado iko ndooni wakati wa fork.

Kuna watu watakwambia mtoto aite _exit badala ya exit, kwa kuwa _exit haimwagi ndoo. Ni kweli na ni tabia nzuri kwa mtoto aliyezaliwa na fork, ila sasa kama mtoto mwenyewe ameprinti matokeo ya jaribio, nayo yanapotea. Kwa hiyo mtoto amwage kwanza ya kwake kwa fflush, ndo aite _exit. Na hiyo inafanya kazi vizuri tu kama mzazi alimwaga kabla ya fork, la sivyo tunarudi palepale.

Haya, faili tupu. Hapa naomba unisikilize vizuri maana hizi siku tatu zako zimeniuma, nimepita huko. Programu ikiuawa na Segmentation fault, yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, hakuna anayepita kumwaga ndoo. Kerneli inaiondoa palepale. Kama ulikuwa umeprinti baiti 900 kwenye ndoo ya 4096, faili lina baiti sifuri. Kwa hiyo faili tupu halikwambii kwamba programu ilikufa mwanzoni, linakwambia tu kwamba ilikufa kabla ndoo ya kwanza haijajaa. Kosa lako linaweza kuwa mstari wa 10 au wa 300, kutokana na faili lile peke yake huwezi kujua, na juu ya main ambako umekaa siku tatu inawezekana kabisa hakuna shida yoyote.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natesti kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tenki, majaribio kama thelathini hivi yanafuatana, usiku yanaendeshwa asubuhi nasoma faili. Asubuhi moja faili limeishia "jaribio la 14 lime". Limekatika hapo. Nikaingia kwenye kodi ya jaribio la 14, nikakaa nayo siku mbili nzima, nikaibadilisha, nikaiharibu, nikairudisha. Siku ya tatu ndo nikapiga ls -l nikaona ukubwa wa faili ni 4096 kamili. Nikakaa chini. Jaribio la 14 lilikuwa limepita vizuri tangu mwanzo, sentensi ilikatika kwa sababu ndoo ilijaa katikati ya neno ikamwagwa, na yaliyofuata yote yalikuwa kwenye ndoo ya pili iliyokufa na programu. Kosa la kweli lilikuwa jaribio la 22. Kwa hiyo ukikuta faili la logi ukubwa wake ni 4096, au 8192, au 12288, na mstari wa mwisho umekatika katikati, usiguse kodi ya hilo jaribio, kwanza rekebisha bafa uendeshe upya.

Na sio Segmentation fault peke yake. Wengi tunatumia assert, ile inayohakikisha sharti ni kweli, kwenye majaribio, assert ikifeli inaita abort, na kwenye glibc za sasa abort haimwagi ndoo. Unapata ujumbe wa assert kwa sababu unapita stderr, lakini mistari yako ya stdout iliyotangulia haipo, unabaki unashangaa imefikaje pale bila kupita huku. Kuuawa na kill -9 ni vilevile. Ukiristatiwa na saa ya ulinzi ni zaidi ya hapo, nitakuja nalo.

Ukiweka ile setvbuf ya mstari kwa mstari, sehemu kubwa ya hili limeisha, kila mstari uliokamilika unakuwa umeshaingia kwenye kerneli kabla ya mstari unaofuata wa kodi kuendeshwa, na programu ikifa faili linabaki na ukweli. Ila kupata mahali hasa ilipofia usitegemee printf, weka ulimit -c unlimited, ipate kutupa faili la core (picha ya kumbukumbu ya programu inapokufa), afu lifungue na gdb, programu ya kutafutia makosa, uandike bt, dakika mbili unajua fanksheni gani. Na kama umeandika fanksheni ya kudaka signali ya SIGSEGV, ile ya Segmentation fault, usiite printf wala fflush humo ndani, hazina usalama kwenye signali, programu inaweza kuwa ilikufa ikiwa katikati ya printf nyingine na bafa iko nusunusu, unaishia kuganda badala ya kufa. Humo tumia write peke yake na maneno yaliyokwisha andaliwa, mfano write(2, "nimekufa kwenye sensa\n", 22), inatosha.

Sasa rafiki yako. Ushauri wake wa kuzima bafa sio wa kijinga, na nisingependa umuone kama amekupoteza. Kwa jaribio ambalo halijali muda, kuzima kabisa kunakupa ukweli kuliko kuacha wazi. Stderr haina bafa kwa sababu hiyohiyo. Tatizo ni pale unapoleta hilo kwenye jaribio la milisekunde 5.

Tupige hesabu. Seriali yako nadhani iko kwenye kasi ya 115200, ndo ya kawaida. Kila baiti moja inatembea na biti 10 kwenye waya, 8 za data, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Gawanya, unapata baiti 11,520 kwa sekunde, yaani karibu maikrosekunde 87 kwa herufi moja. Mstari wa herufi 60 pamoja na mwisho wake unachukua kama milisekunde 5.2 kwenye waya. Unaona? Mstari mmoja tu wa "vali 2 imefunguka muda ..." ni mrefu kuliko muda wote ulioipa vali kujibu. Kama seriali iko kwenye 9600, mstari huohuo unazidi milisekunde 62.

Utaniuliza, mbona majaribio machache ya mwanzo yanapita? (Sijaona matokeo yako, lakini nadhani ndivo ilivyo, angalia.) Kwa sababu kerneli nayo ina kipipa chake kidogo kwa ajili ya seriali, kwenye draiva za kawaida za Linux ni kama baiti 4096. Write yako inaweka humo inarudi haraka, chipu inachota pole pole kupeleka kwenye waya. Mistari 68 hivi ya herufi 60 inaingia bila shida, kipipa kikijaa ndo programu yako inalazwa mpaka nafasi ipatikane. Na kulazwa kwenyewe hakuji kwa usawa, mizunguko kadhaa inapita haraka afu mmoja unakwama muda mrefu, ndo maana matokeo yanaonekana kama vali ina kichaa. Vali haina kichaa, saa yako ya kupimia ilikuwa inahesabu na muda wa foleni ya waya.

Na kama ndani ya draiva yenyewe umeacha pr_info za kudibagi na konsoli ya kerneli iko kwenye seriali hiyohiyo, hapo ni pabaya zaidi, maana ujumbe wa kerneli ukienda konsoli ya seriali mara nyingi yule aliyeprinti ndo anasubiri herufi zitoke mojamoja. Andika dmesg -n 1 kabla ya majaribio, ujumbe unabaki kwenye kumbukumbu ya kerneli bila kwenda kwenye waya, na ukimaliza unausoma wote kwa dmesg. Ile kumbukumbu kwenye usanidi wa kawaida ni kilobaiti 128 na ni ya mzunguko, ikijaa ya zamani inafutwa, kwa hiyo soma mapema.

Kwa jaribio la muda jibu langu ni moja na nalisimamia, usiprinti chochote ndani ya eneo linalopimwa. Sio kwa bafa, sio bila bafa. Hata ukiacha bafa kubwa kabisa, siku itajaa katikati ya kipimo na mzunguko mmoja utabeba gharama ya wote. Weka namba kwenye array, printi ukishamaliza:

static long muda[1000];

memset(muda, 0xff, sizeof muda);
for (int i = 0; i < 1000; i++)
    muda[i] = pima_vali();
for (int i = 0; i < 1000; i++)
    printf("mzunguko %d: %ld us\n", i, muda[i]);

Ile memset sio mapambo. Array ya static kwenye Linux haipewi kumbukumbu halisi mpaka uiguse, na kuigusa mara ya kwanza kuna gharama yake ndogo, sasa usipoigusa mapema hiyo gharama inaingia kwenye vipimo vyako. Ndani ya pima_vali soma saa kwa clock_gettime na CLOCK_MONOTONIC kabla na baada, usitumie saa ya ukutani, NTP (huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao) ikiisogeza katikati unapata vali iliyojibu kabla haijaamrishwa. Jaribio likifeli katikati, usiprinti palepale, weka alama kwenye array uendelee, au toka nje ya eneo la kupima kwanza. Ukifanya hivi na vali bado inazidi milisekunde 5, sasa ndo urudi kwenye draiva, na safari hii utakuwa na ushahidi wa kweli mkononi.

Jaribio la saa ya ulinzi ni la kipekee kwa sababu hapo bodi nzima inaristatiwa, hata pipa linapasuka. Data ukishaipeleka kwa write inakuwa imekaa kwenye kumbukumbu ya kerneli, haijafika kwenye kadi. Programu ikifa peke yake data iko salama, bodi ikizimwa ghafla haiko salama. Unaweza kuita fsync baada ya kila mstari muhimu, inafanya kazi, ila ni polepole na inachosha kadi. Kwa jaribio hili mimi nisingeandika kwenye bodi kabisa, ningechomeka seriali kwenye laptopu na laptopu ndo ihifadhi, maana herufi iliyokwisha toka kwenye waya hakuna ristati inayoirudisha. Na kwa kuwa kile kipipa cha seriali nacho kinakufa na bodi, ita tcdrain baada ya mstari wa mwisho kabla ya kuiacha bodi igande, inasubiri mpaka herufi zote zitoke. Kuna pia ramoops ndani ya kerneli, inatenga kipande cha RAM ambacho hakifutwi kwenye ristati ya kawaida, ukiwasha upya unasoma ujumbe wa mwisho kabla ya kifo. Ukipata nafasi iwashe, siku kifaa kiko shambani peke yake utaipenda.

Kitu kimoja utakutana nacho mkishatengeneza programu kuu ya kuendesha majaribio yote, nakutahadharisha mapema. Ukimzaa mtoto, ukamwekea paipu, afu mzazi akakaa kwenye waitpid akisubiri mtoto amalize ndo asome paipu, siku mtoto akiongea sana mtaganda wote wawili. Paipu ya Linux inabeba baiti 65,536, ikijaa mtoto analazwa akisubiri mzazi asome, mzazi amelala akisubiri mtoto afe, asubuhi unakuta jaribio limekwama na hakuna kosa lolote lililoandikwa. Soma paipu mpaka iishe kwanza, ndo uite waitpid.

Utasikia pia habari ya stdbuf -oL ./jaribio. Ni amri nzuri kwa programu ambazo huna kodi yake. Lakini inafanya kazi kwa kuingiza kijilaibrari wakati programu inapakiwa, kwa hiyo kwenye programu iliyokompailiwa static, yaani laibrari zote zimeunganishwa ndani yake, haifanyi kitu, na haikwambii kwamba haijafanya. Na kwenye bodi ndogo programu zinaweza kuwa static. Kwako wewe mwenye kodi mkononi, setvbuf ni mstari mmoja na hauna ujanja. Na kama kuna skripti za Python mnazotumia kukusanya matokeo, ziendesheni kwa python3 -u, Python nayo ina ndoo yake.

Stdout na stderr ukizipeleka faili moja kwa > logi.txt 2>&1 usishangae mpangilio ukivurugika, moja ina ndoo nyingine haina, kwa hiyo malalamiko yanafika kabla ya habari yenyewe. Ukishaweka mstari kwa mstari inapungua sana.

Sasa lini utoke kwenye kiti ukamuone mtu. Kama baada ya haya yote herufi kwenye seriali bado zinapotea au zinakuja takataka hata ukituma kwa write moja kwa moja, hilo sio suala la bafa tena, ni la umeme. Inaweza kuwa ni kasi hazilingani pande mbili, ardhi ya bodi na ya laptopu hazijaunganishwa, au upande mmoja ni volti 3.3 na mwingine 5, na hiyo ya mwisho inaweza kuua chipu, kwa hiyo usiendelee kujaribujaribu. Beba bodi, nenda kwenye maabara ya elektroniki pale chuoni kwako, uombe mtu mwenye osiloskopu akae na wewe nusu saa mwangalie waya wa TX, ule wa kutuma, pamoja. Kitu ambacho ungekisaka wiki kwenye kodi kinaonekana pale kwenye skrini kama mlima. Vilevile kama bodi inaristati pale tu vali zinapofunguka, peleka, maana inawezekana koili za vali zinavuta umeme mpaka volti ya bodi inashuka, na hilo hakuna printf itakayokuonyesha.

Na siku mkifika hatua ya kuunganisha na pampu ya mzee, hata kama majaribio yote yamepita usiku saba mfululizo, msiunganishe wenyewe. Mtafuteni fundi umeme mwenye leseni aangalie swichi kubwa na ulinzi wa mota kabla hamjawasha, na mzee mwenyewe awepo aonyeshwe pa kuizima kwa mkono.